UZI: Wahafidhina wa Marekani wanashikana wapi, wanaachana wapi, na kwa nini

Mpembuzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Siasa za Marekani zikipamba moto, hapa jukwaani tunasoma "wahafidhina wanataka hivi", "wahafidhina wamekataa vile", utadhani ni kundi moja lenye msimamo mmoja. Tukienda hivyo tunashindwa kueleza mambo yaliyo wazi kabisa. Novemba 1993 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mkataba wa biashara huria na Canada na Mexico, NAFTA, kwa kura 234 dhidi ya 200. Warepublican 132 waliunga mkono, Wademokrat 102 tu. Leo chama kilichoubeba mkataba ule, cha Republican, walimo wahafidhina wengi, ndicho kinachopandisha ushuru wa forodha. Ukiwachukulia wahafidhina kama kitu kimoja, huwezi kueleza mgeuko huo.

Hoja yangu ni hii. Muungano wao haukudumu kwa sababu makundi yalikubaliana kifalsafa. Ulidumu kwa sababu kila kundi lilipewa eneo lake. Watu wa soko huria walipewa kodi na uchumi. Watu wa dini na mila wakapewa majaji na mambo ya familia. Watu wa ulinzi wakapewa mambo ya nje. Suala likiangukia eneo moja, wanaelewana bila shida. Likiangukia maeneo mawili au matatu kwa wakati mmoja, kama uhamiaji, biashara ya nje au gharama za vita, hapo ndipo wanapasuka.

Turudi mwanzo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mrengo wa kulia wa Marekani ulikuwa na makundi matatu yasiyoivana. Walikuwapo walibertari, wafuasi wa wachumi wa Austria akina Ludwig von Mises na Friedrich Hayek. Adui yao ni serikali inayopanga uchumi. Walikuwapo wanamapokeo akina Russell Kirk na Richard Weaver, waliomrudia Edmund Burke wa karne ya 18 na kusema kwamba jamii hubebwa na dini, desturi, familia na taasisi ndogondogo zilizorithiwa. Na walikuwapo wapinga ukomunisti, baadhi yao wakiwa wametoka humo humo: Whittaker Chambers, James Burnham, Frank Meyer.

Novemba 1955 William F. Buckley Jr., akikaribia umri wa miaka 30, alianzisha jarida la National Review na kuwaweka wote chini ya dari moja. Aliyewatungia fomula ya kuishi pamoja ni Meyer. Kwa ufupi alisema: uadilifu wa kulazimishwa si uadilifu, hivyo mtu awe huru kuchagua, lakini uhuru usiolenga uadilifu hauna maana. Basi serikali ilinde uhuru, na kazi ya kulea uadilifu ibaki kwa familia, makanisa na jumuiya. Kwa Kiingereza inaitwa fusionism; mimi nitaiita nadharia ya mseto.

Mlibertari anapata serikali ndogo. Mwanamapokeo anapata kukiriwa kwamba lengo la maisha ni wema, si starehe. Wote wawili wanapata sababu ya kumpinga Moscow. Lakini fomula ina tundu moja kubwa: familia na makanisa yakishindwa kulea, nani afanye kazi hiyo? Meyer hakuacha jibu linalowaridhisha wote, na karibu magomvi yote ya leo yanapitia tundu hilo.

Kitabu Wazi

Mkuu Mpembuzi, uzi mzuri. Ila usiwape watu picha kwamba mseto ulikubaliwa na wakubwa wa pande zote. Haukukubaliwa.

Kirk hakuwahi kuwaona walibertari kama ndugu. Kwake mtu anayeanza na haki za mtu binafsi na kuishia kwenye soko ni mwana wa mapinduzi yale yale ya Ufaransa ambayo Burke aliyapinga mwaka 1790. Hayek naye, kwenye kitabu chake cha 1960, aliambatisha insha nzima ya kueleza kwa nini yeye si mhafidhina. Alisema mhafidhina anaogopa mabadiliko, anapenda mamlaka, na hana kanuni ya kumwambia aelekee wapi. Anaweza tu kupunguza mwendo wa safari iliyochaguliwa na wengine. Na jina lenyewe la nadharia ya Meyer lilitoka kwa mpinzani wake, L. Brent Bozell Jr., shemeji yake Buckley, aliyeandika mwaka 1962 kwamba kazi ya siasa ni kumsaidia mtu awe mwema, na uhuru si sharti la kwanza. Bozell baadaye alianzisha jarida lake la Kikatoliki. Wanaodhani mjadala wa "uhuru au wema" ulizaliwa enzi za Trump wasome zile kurasa za 1962.

Kitu kingine: muungano ulihitaji mlango, na mlango ulihitaji mlinzi. Mwaka 1957 Chambers aliishambulia vikali riwaya ya Ayn Rand kwenye National Review, kwa sababu uyakinifu usiomjua Mungu haukuwa na nafasi humo hata kama unapenda soko. Mwaka 1962 Buckley akamgeukia Robert Welch, kiongozi wa John Birch Society, aliyekuwa amemtuhumu hata Rais Eisenhower kuwa anawatumikia wakomunisti. Hizo kazi mbili, kuunganisha na kufukuza, zilikwenda pamoja. Leo hakuna jarida lenye uwezo huo wa kufukuza mtu, na nadhani hilo lina uzito kuliko watu wanavyolichukulia.

Mtu akitaka waraka mmoja unaoonyesha mseto ukifanya kazi, asome Tamko la Sharon la Septemba 1960, lililoandikwa zaidi na M. Stanton Evans kwa ajili ya vijana waliokutana nyumbani kwa akina Buckley, Connecticut. Halifiki hata kurasa mbili. Linaanza na hiari ambayo mtu amepewa na Mungu, linasema uhuru wa kisiasa hauwezi kudumu bila uhuru wa kiuchumi, linaipa serikali kazi tatu (amani ya ndani, ulinzi, haki mahakamani), na linamaliza na ukomunisti, ambao linataka ushindwe, si kuishi nao kwa kuvumiliana. Makundi yote matatu yamo, kila moja na sentensi zake.

Nahodha wa Bara

Sawa, historia imeeleweka. Mimi naomba kitu cha kutumia. Nikimsikiliza seneta au nikisoma makala, najuaje huyu ni wa kundi gani? Wote wanasema "uhuru", "familia", "Katiba".

Mpembuzi

Nahodha, usisikilize maneno hayo kabisa, maana ni mali ya wote. Tafuta suala linalomlazimisha achague kati ya mambo mawili anayodai kuyapenda yote.

Mfano ulio bora kwangu ni sheria ya kodi ya Desemba 2017. Kushusha kodi ya mashirika kutoka asilimia 35 ni jambo walilokubaliana karibu wote. Lakini maseneta Marco Rubio na Mike Lee walileta pendekezo: kodi ya mashirika ishuke hadi asilimia 20.94 badala ya 20, na fedha zitakazookolewa zitumike kuhakikisha nafuu ya kodi kwa watoto inawafikia hata wazazi wa kipato cha chini wasiodaiwa kodi ya mapato lakini wanakatwa makato ya mishahara. Tofauti isiyofika hata pointi moja ya asilimia kwenye kiwango cha kodi ya mashirika ndiyo iliyokuwa mezani. Pendekezo likaanguka kwa kura 29 dhidi ya 71. Kisha kwenye sheria ya mwisho kodi ikawekwa asilimia 21, juu zaidi ya ile ya Rubio na Lee, kwa sababu nyingine kabisa. Nafuu ya mtoto ilipanda kutoka dola 1,000 hadi 2,000, na sehemu inayoweza kurejeshwa kwa asiyedaiwa kodi ikaishia dola 1,400, baada ya Rubio kutishia kuinyima sheria kura yake.

Kwenye tukio hilo moja unamwona anayesema "familia" kama pambo la hotuba, na anayekubali kuilipia.

Uhamiaji nao ni kipimo kizuri. Mlibertari anaona kibarua na mwajiri wamekubaliana bei, serikali ikae pembeni. Mwanamapokeo anauliza mji utabaki na desturi gani. Mtu wa ulinzi anaangalia mpaka. Mwaka 1986 Rais Reagan alisaini sheria iliyowapa vibali watu wapatao milioni 2.7, kwa ahadi kwamba waajiri watakaoajiri wasio na vibali wataadhibiwa. Vibali vilitoka, adhabu hazikusimamiwa ipasavyo. Kwa nini? Kwa sababu wafanyabiashara walio ndani ya muungano uleule hawakuzitaka. Tangu hapo kila mswada unaosema "vibali kwanza, usimamizi baadaye" unakutana na ukuta. Ule wa 2013 ulipita Seneti kwa 68 dhidi ya 32, Warepublican 14 wakiwemo, lakini Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa. Desemba 2024 ugomvi ukaibuka tena juu ya viza za H-1B za wataalamu, Elon Musk na Vivek Ramaswamy wakizitetea, Steve Bannon akizipinga, na Septemba 2025 likatoka tangazo la rais la ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Mstari wa mpasuko ni ule ule wa 1986: mwajiri dhidi ya taifa.

Na kuna uokoaji wa mabenki. Tarehe 29 Septemba 2008 mpango wa dola bilioni 700 uliombwa na rais Mrepublican, ukaangushwa kwa 228 dhidi ya 205, na Warepublican 133 waliupinga. Siku chache baadaye ulipita. Vuguvugu la Tea Party la 2009, la wapinga matumizi makubwa ya serikali, lilichota hasira yake nyingi hapo. Angalia nani alisema "soko likianguka lianguke" na nani alisema "taasisi zilindwe kwanza". Wote ni wahafidhina, na kila mmoja alikuwa na kanuni yake.

Dira ya Kusini

Nakubaliana na sehemu kubwa, ila hoja yako ya mgawanyo wa maeneo naiona haijakamilika. Kilichowashikanisha ni adui. Ondoa Umoja wa Kisovieti, ugawanye maeneo unavyotaka, hawakai pamoja.

Tazama tarehe. Wahafidhina mamboleo, akina Irving Kristol na Norman Podhoretz, waliingia kutoka mrengo wa kushoto miaka ya 1960 na 1970. Hawakuwa na ugomvi mkubwa na hifadhi ya jamii wala vyama vya wafanyakazi. Walikuwa na ugomvi na upole dhidi ya Moscow na vurugu za vyuo vikuu. Wahafidhina wa zamani wa Kusini na wa vijijini hawakuwapenda hata kidogo, lakini walivumiliana. Hata katika uvumilivu huo, mwaka 1981 waligombana juu ya cheo kimoja, uenyekiti wa mfuko wa taifa wa elimu ya kibinadamu: M. E. Bradford, msomi wa Kusini aliyewahi kuandika dhidi ya Lincoln, aliwekwa kando, akapewa William Bennett. Nafasi moja tu, lakini kinyongo chake kilidumu kwa miaka mingi.

Sasa subiri 1991. Dola ya Kisovieti inavunjika mwezi Desemba. Miezi miwili baadaye, Februari 1992, Pat Buchanan anapata takriban asilimia 37 kwenye kura za mchujo za New Hampshire dhidi ya rais aliyeko madarakani wa chama chake. Ajenda yake: majeshi yarudi nyumbani, biashara huria isitishwe, uhamiaji upunguzwe. Huyu alikuwa amefanya kazi Ikulu na Nixon na Reagan. Hakutoka nje ya muungano. Adui alipoondoka, hoja zilizofunikwa miaka 35 zilitoka zote kwa pamoja.

Vita vya Iraq vilimalizia. Oktoba 2002 Warepublican 6 tu ndio walioipinga idhini ya vita katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka huohuo Buchanan na wenzake walianzisha jarida la The American Conservative kupinga vita, na mwaka 2003 National Review ikachapisha makala ya David Frum iliyowaita hao si wazalendo. Ni sita kwa wakati ule. Aprili 2024, msaada kwa Ukraine wa takriban dola bilioni 61 ulipopigiwa kura, Warepublican 112 walipinga na 101 wakakubali. Kundi lililofukuzwa 2003 lilikuwa sasa ndilo wengi.

Mpembuzi

Dira, tarehe zako ni sahihi na sizipingi. Lakini kama adui ndiye gundi pekee, mbona 1981 hadi 1988, Moscow ikiwa bado ipo, ugomvi mkali zaidi wa watu wa dini na Reagan ulikuwa juu ya majaji? Hapo hapakuwa na Mrusi. Walilalamika kwa sababu eneo lao liliguswa. Naomba mwenye utaalamu wa sheria aingie.

Bi. Hukumu

Naingia, maana eneo la mahakama ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Mwaka 1981 Reagan alimteua Sandra Day O'Connor. Watu wa dini walipinga wakisema msimamo wake juu ya utoaji mimba hauaminiki. Seneti ikampitisha 99 kwa 0. Mwaka 1988 akaingia Anthony Kennedy, 1990 Bush mkubwa akamteua David Souter. Kisha mwaka 1992, katika kesi ya Casey, hao watatu walioteuliwa na marais wahafidhina ndio walioandika kwa pamoja maoni yaliyoibakiza haki ya utoaji mimba ya 1973, kwa kura 5 dhidi ya 4. Pigo hilo lilibadilisha utaratibu mzima wa uteuzi. Haikutosha tena mteule awe "mtu wetu". Alitakiwa awe na rekodi ya maandishi na awe amelelewa ndani ya mtandao wa wanasheria wa Federalist Society, iliyoanzishwa 1982. Miaka 30 ya kazi hiyo ndiyo iliyozaa hukumu ya Dobbs ya tarehe 24 Juni 2022, iliyoifuta haki hiyo.

Kwa nini walibertari na watu wa dini waliweza kufanya kazi pamoja muda wote huo? Kwa sababu ya njia ya tafsiri: isome Katiba kwa maana iliyokuwa nayo ilipopitishwa. Mlibertari alitarajia njia hiyo ipunguze mamlaka ya mashirika ya serikali. Mtu wa dini alitarajia ifute haki ambazo majaji walizibuni. Njia moja, matarajio mawili. Wakati wa kampeni hakuna aliyelazimika kuuliza itakuwaje njia hiyo ikimpa mmoja wao jibu asilolipenda.

Jibu hilo lilikuja tarehe 15 Juni 2020, kesi ya Bostock. Neil Gorsuch, jaji aliyetoka hasa kwenye mtandao huo, aliisoma sheria ya ajira ya 1964 neno kwa neno na kuhitimisha kwamba inakataza kumfukuza mtu kazi kwa kuwa shoga au kwa kubadili jinsia. Kura 6 dhidi ya 3. Seneta Josh Hawley alisimama Seneti na kusema hukumu hiyo ni mwisho wa vuguvugu la sheria la wahafidhina kama lilivyojulikana. Miezi michache kabla, Adrian Vermeule, profesa wa sheria wa Harvard, alikuwa ameshaandika kwamba njia ya maana ya awali imemaliza kazi yake, na kwamba majaji wasome sheria kwa kuangalia manufaa ya wote, kwa mapokeo ya kale ya sheria ya Ulaya. Walibertari walishtuka, na nadhani walikuwa na haki ya kushtuka: ukimpa jaji mamlaka ya kuamua manufaa ya wote ni yapi, mamlaka hayo hayabaki mikononi mwa jaji unayempenda.

Na baada ya Dobbs kulitokea tatizo lingine ambalo wachache walilitazamia. Suala lilirudishwa kwa majimbo. Mtu anayeamini mamlaka ya majimbo alisema kazi imekwisha. Mtu anayeamini mimba ni uhai wa binadamu alisema kazi ndiyo kwanza inaanza, na akataka sheria ya taifa. Kwa miaka 49 hawa wawili walikuwa na lengo moja. Julai 2024 ilani ya chama iliacha kudai katazo la taifa na kuyaachia majimbo. Wa pili walishindwa ndani ya chama chao wenyewe.

Mzalendo wa Ziwa

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna mfano unaotugusa moja kwa moja: PEPFAR.

Mwaka 2003 Bush mdogo alileta mpango wa dola bilioni 15 kwa miaka mitano dhidi ya UKIMWI. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya nchi lengwa. Kwa kanuni ya serikali ndogo, mpango huo usingepita: fedha nyingi, nje ya nchi. Ulipita kwa sababu wahafidhina wa kidini waliubeba kama wajibu wa Kikristo, na masharti yaliwekwa ya kuwatuliza. Theluthi moja ya fedha za kinga ilitakiwa itumike kuhimiza kusubiri hadi ndoa. Sharti hilo la theluthi liliondolewa 2008. Pia sera ya kuwanyima fedha mashirika ya nje yanayojihusisha na utoaji mimba, iliyotangazwa 1984 enzi za Reagan, Bush aliirudisha 2001 lakini akaiacha PEPFAR nje yake. Hayo ni mapatano ya makundi yakionekana ndani ya bajeti ya dawa.

Angalieni yalivyofumuka. Mwaka 2017 Trump alipanua sera ile ikagusa karibu misaada yote ya afya, PEPFAR ikiwemo. Mwaka 2023 mbunge Chris Smith, ambaye ndiye aliyekuwa amebeba mswada wa kuiongezea muda mwaka 2018, aliongoza pingamizi akidai fedha zinawafikia watetezi wa utoaji mimba. Idhini ya miaka mitano haikupatikana. Machi 2024 ikaongezwa mwaka mmoja tu. Januari 2025 misaada ya nje ikasimamishwa, na Julai mosi USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa kama taasisi inayojitegemea. Kwa muda mrefu upinzani wa walibertari na wa wafuasi wa "taifa kwanza" peke yake haukutosha kuiangusha. Ilidhoofika pale walinzi wake wa kidini walipogawanyika. Mgonjwa anayesubiri vidonge kliniki hakuwa na habari kwamba kinachoamuliwa ni ugomvi wa makundi mawili huko Washington, na hili linaniuma.

Kitabu Wazi

Mfano mzito huo, mkuu. Naongeza mmoja wa mbali kidogo, kwa wanaodhani ugomvi wa ushuru ni jambo jipya. Uingereza, 1846: waziri mkuu Robert Peel alifuta sheria za ushuru wa nafaka. Takriban theluthi mbili ya wabunge wake wahafidhina waliopiga kura walimpinga, Disraeli akiwa msemaji wao mkali. Sheria ilipita kwa kura za wapinzani, serikali ya Peel ikaanguka Juni mwaka huohuo, na wafuasi wake hatimaye wakaishia kwenye chama cha Liberal mwaka 1859. Mwenye shamba alitaka ushuru, mwenye kiwanda alitaka mkate wa bei nafuu kwa wafanyakazi wake. Marekani ya leo mwenye kiwanda amebadili upande, lakini swali ni lile lile: bei ya chini kwa mnunuzi, au kazi ya mzalishaji wa ndani?

Dira ya Kusini

Na tufike 2019, maana ndipo tundu la Meyer lilipowekwa hadharani.

Machi mwaka huo jarida la First Things lilichapisha tamko la waandishi waliosema makubaliano ya kabla ya Trump yamekufa na hawataki kuyafufua. Mei, mwandishi Sohrab Ahmari alimshambulia kwa jina David French, mwanasheria Mkristo anayetetea uhuru wa dini mahakamani. Hoja ya Ahmari: kutumia kanuni zisizo na upande ni kukubali kushindwa polepole, serikali itumike kwa ajili ya wema. Hoja ya French: kanuni hizohizo ndizo zinazolinda makanisa, ukizivunja leo kesho utazihitaji. Ni Bozell na Meyer tena, ila safari hii Bozell alikuwa na wasikilizaji wengi. Julai, Yoram Hazony akaitisha mkutano wa kwanza wa uhafidhina wa kitaifa Washington.

Linganisheni matamko mawili yaliyofuata. La wahafidhina wa kitaifa, Juni 2022, lina vipengele 10. Linasema soko huria haliwezi kuwa kanuni isiyo na mipaka, linataka uhamiaji ubanwe sana, na linasema penye Wakristo walio wengi, maisha ya umma yajengwe juu ya Ukristo, huku Wayahudi na dini nyingine za wachache zikilindwa. La wahafidhina wa uhuru, Julai 2023, nalo lina vipengele 10. Linaanza na uhuru, linaonya juu ya deni la taifa, linatetea uhuru wa dhamiri, na lina kipengele kizima kinachokiri dhuluma ya utumwa na ubaguzi. Wote wanataja familia na utawala wa sheria. Tofauti kubwa kuliko zote ni nani anaaminiwa kushika mamlaka. Wa pili hawamwamini mtu yeyote, hata wa kwao. Wa kwanza wanasema wapinzani tayari wanayatumia, kwa hiyo kuyakataa ni kujinyima silaha.

Nahodha wa Bara

Kwa hiyo nikitaka kujua nani ana nguvu sasa, nihesabu kura bungeni?

Mpembuzi

Hesabu, lakini uliza sababu ya kila kura. Tarehe 2 Aprili 2025 Seneti ilipitisha azimio la kupinga ushuru dhidi ya Canada kwa 51 dhidi ya 48, na Warepublican walikuwa wanne: Susan Collins, Lisa Murkowski, Mitch McConnell na Rand Paul. Kwa chama kilichotoa kura 132 kwa NAFTA, hiyo inakuonyesha watu wa biashara huria wamebaki na hoja bila wapiga kura.

Sasa linganisha na sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyosainiwa Julai 4, 2025. Seneti ilifungana 50 kwa 50, makamu wa rais akaamua. Warepublican watatu walisema hapana. Paul alikataa kwa sababu sheria ilipandisha kikomo cha deni kwa dola trilioni 5: kwake ilikuwa inatumia mno. Collins na Thom Tillis walikataa hasa kwa sababu ya kupunguzwa kwa Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato cha chini: kwao ilikuwa inakata mno. Na Hawley, aliyekuwa ameandika mwezi Mei kwamba kukata Medicaid ni kosa kimaadili na kisiasa, alipiga kura ya ndiyo. Ukihesabu tu, utamweka Paul na Tillis kapu moja na Hawley upande wa pili wao. Kimsimamo, Hawley yuko karibu na Tillis kwenye Medicaid kuliko Paul atakavyowahi kuwa.

Wiki ijayo nikipata nafasi nitaweka jedwali la wabunge waliopiga kura kwenye masuala haya yote, tangu uokoaji wa mabenki 2008. Mwenye kumbukumbu za kura za mswada wa dawa za wazee wa 2003 azilete hapa, ule nao uligawanya walibertari na Ikulu ya Bush vibaya sana.